Dawa imeua minyoo, lakini kovu limebaki

Wakaaji wa Kalemie, na ninyi ndugu mliokimbia vita kutoka Nyunzu, Kabalo na kwingine, kuna swali ninaloulizwa sana ninapopita kambini na mikrofoni: mtu amekwisha kumeza dawa ya kichocho, ile bilharzia, mbona kiuno kingali kinauma?

Minyoo ya kichocho inaingia kwa ngozi, katika maji yaliyotulia yenye konokono. Inaishi miaka mingi ndani ya mishipa ya damu karibu na kibofu. Mayai mengine yanatoka na mkojo, ndiyo maana unaona damu. Mengine yanakwama katika kibofu na katika mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo. Pale yanapokwama, panafanyika kovu.

Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, inaua minyoo. Mtoto akitibiwa mapema, mara nyingi kibofu kinapona. Lakini kovu la miaka mingi halisikii dawa. Mrija ukibana, mkojo unakosa njia, figo inavimba na kuharibika polepole, pengine bila maumivu makali.

Mvuvi mmoja niliyezungumza naye alikojoa damu tangu utoto. Kwao walisema ni dalili ya kuwa mwanaume; nami nilikua nikisikia maneno hayo. Ekografi imeonyesha figo yake moja imevimba. Sasa anauza nyavu zake apate franka za kupasuliwa. Munganga atakata kipande cha mrija kilichobana, halafu atashona sehemu nzima kwenye kibofu. Figo ikiwa ingali hai, itapumua. Ikiwa imekwisha kufa, hairudi.

Kwa hiyo, wazazi, mtoto akikojoa damu msicheke. Mpelekeni kituo cha afya. Mkojo wa kupima utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanatoka kwa wingi. Kipimo kimoja kisipoonyesha kitu na damu ingalipo, rudieni. Mtu mzima aliyeugua miaka mingi aombe ekografi ya kibofu na figo, hata kama amekwisha kumeza dawa.

Na tusikojoe mtoni. Yai likifika majini linaanguliwa, kijidudu kinachotoka kinatafuta konokono, na kutoka kwa konokono ugonjwa unamrudia mtoto wa jirani, au wa kwako.