Redio Inayosahau

Pale Rugerero, dada aliyekuwa akituandikisha aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia fundi redio, redio za magari. Akaangalia ndoo na blanketi nilizobeba, akaandika kitu kifupi, akaita mwingine. Simlaumu. Foleni ilikuwa ndefu na watoto walikuwa wanalia.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 27 Mei 2021. Siku tano nyuma Nyiragongo ilikuwa imelipuka, lava ikasimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Goma. Usiku ule tulikimbilia Gisenyi na asubuhi tukarudi. Lakini Alhamisi ile gavana wa kijeshi akatangaza mitaa kumi ihame, na wetu ulikuwemo. Wengi walishika njia ya Sake. Sisi tukavuka Petite Barrière. Kibanda changu cha Birere nilikiacha na kufuli, vyombo vyote ndani: mita, koleo, chuma cha kulehemu.

Siku ya tatu akaja mzee mmoja wa pale pale, msafirishaji wa viazi vya Mudende, anaulizia fundi kati ya watu wa Goma. Alikuwa na Land Cruiser pikapu ya dizeli, ile ya taa mbili za mviringo, kuukuu kunizidi mimi. Mkononi redio mpya ndani ya boksi, ya flashi na Bluetooth, na spika mbili.

"Mwana wangu, unaweza kuniwekea hii mu gari?"

"Ninaweza, mzee."

"Lakini dashibodi haikatwi. Yule wa kwanza alikuja na mashine ya kukata, nikamfukuza."

Nilimpenda hapo hapo. Redio za zamani zilikaa kwenye matundu mawili ya vifundo na kidirisha katikati. Za sasa zinataka nafasi ya sentimita 18 kwa 5, na vijana wengi hawajui dawa nyingine zaidi ya msumeno. Nikamwambia tutatengeneza kisanduku cha mbao kining'inie chini ya dashibodi.

Kisha nikafungua boneti. Betri mbili, zimeungwa moja baada ya nyingine. Volti 24. Redio yake ilikuwa ya volti 12.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sikuwahi kulisema Birere. Kuna njia ya mkato ambayo mafundi wote tunaijua: unachukua umeme kwenye betri moja tu. Redio inaimba, mteja analipa, anaondoka akicheka. Lakini betri ile inanyonywa peke yake, na dinamo inazichaji zote mbili pamoja kana kwamba zina njaa sawa. Moja inabaki na njaa, nyingine inashiba mpaka inachemka. Niliwahi kumfanyia hivyo dereva mmoja wa Fuso. Baada ya wiki kadhaa alikwama usiku na mzigo wa ndizi, na alipokuja kuniuliza nikamwambia betri zake ni za duka baya. Akaniamini. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba aliniamini.

Sasa nilikuwa na watoto watatu, bila faranga hata moja, na mzee mbele yangu na redio yake. Dakika ishirini tu, ningekuwa nimemaliza.

"Mzee, inahitaji kifaa cha kupunguza 24 ziwe 12. Bila hicho, usiweke."

"Bei gani?"

Nikamwambia. Akafunga boneti polepole, akasema tutaonana, akaondoka. Mke wangu alikuwa ananitazama toka mbali, na sikumweleza kitu.

(Ninyi wa mashirika mnaosoma haya: mtu akikwambia yeye ni fundi na mikono ni mitupu, andika "fundi, hana vyombo". Ni mstari uleule, na kalamu ileile.)

Siku mbili baadaye pikapu ikarudi. Kifaa alikipata Gisenyi, kimetolewa kwenye basi bovu. Sikuwa na mita ya kukipima, basi nikaomba balbu ya pikipiki, ya volti 12. Kama kifaa kingekuwa kinapitisha zote 24, balbu ingeungua mara moja. Ikawaka vizuri, ikatulia.

Kazi yenyewe ilichukua mchana mzima. Spika ya zamani ilikuwa na waya mmoja, upande wa pili umefungwa kwenye bodi ya gari, yaani masi. Redio ya sasa haitaki hivyo. Waya hasi wa spika ukigusa bodi, amplifaya inaweza kuungua. Nikavuta nyaya mpya, mbili kwa kila spika, na fyuzi kabla ya kifaa. Nilikuwa nimelala chali chini ya usukani pale ardhi ilipotikisika tena. Gari likacheza juu ya springi zake kama mtumbwi. Mzee alishika mlango. "Toka, mwana wangu!" Nilikuwa nimeshika nyaya mbili bado hazijafungwa tepu, nikasema subiri kwanza.

Kuna kasoro moja niliiacha kwa makusudi. Umeme wote nilipitisha kwenye swichi ya ufunguo, ili kifaa kisinyonye betri usiku. Kwa hiyo ukizima gari, redio inasahau stesheni zote. Nilimweleza kabla hajalipa.

"Kila asubuhi nitafute upya?"

"Kila asubuhi, mzee. Bonyeza hapa."

Akabonyeza. Ikapita Kinyarwanda, ikapita muziki, kisha Kiswahili cha kwetu, Radio Okapi, mtu anasoma habari za Goma. Mzee alikuwa ameshabonyeza tena, namba zinakimbia.

"Rudisha," nikamwambia. "Rudisha nyuma kidogo."