Mombasa Bara na Pesa za Jina la Kuazima

MGENI akitajiwa Mombasa, mara humjia akilini Ngome ya Yesu, zile pembe za Barabara ya Moi na vichochoro vya Mji wa Kale. Hatumlaumu, kwani hayo ndiyo yaliyojaa kwenye kadi za posta. Lakini Mombasa ya wachumia juani iko ng'ambo ya maji: Changamwe magharibi, Kisauni kaskazini, na Likoni kusini. Leo, mpenzi msomaji, nakukaribisha tuzunguke pande hizo tatu tukiwa na swali moja mfukoni: mtu asiye na kitambulisho huiweka wapi pesa yake?

Changamwe: mkebe wa shingoni

Tuanzie Makupa. Ukishavuka daraja umefika Changamwe, na utakachokisikia kwanza ni honi za malori ya makontena. Huku ndiko uliko uwanja wa ndege na ndiko kilikokuwa kiwanda cha kusafishia mafuta kilichoacha kazi yake hiyo mwaka 2013. Huku ndiko reli ilikopita ikielekea bara tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa. Vibarua kutoka kila kabila walifuata kazi hapa, wakapanga vyumba, wakazaa na wakazeekea hapa hapa.

Wazee wao walikijua kipande. Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria yake mwaka 1915 na kuanza kuitumia baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika wa miaka kumi na sita au zaidi alilazimika kubeba karatasi iliyoandikwa jina lake, alama za vidole, mwajiri na mshahara. Karatasi hiyo ilitiwa ndani ya mkebe mdogo wa chuma, na wengi waliuning'iniza shingoni. Watu waliuchukia mkebe ule, na walikuwa na kila sababu ya kuuchukia.

Ajabu ya dunia ni kwamba jina la kipande limebaki mdomoni mwetu hadi leo, na mjukuu wa mzee yule sasa hulia akikikosa. Akitaka kufungua akaunti, benki humwuliza kitambulisho kabla ya kumwuliza ana shilingi ngapi. Chama cha akiba na mikopo ni vivyo hivyo. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, wengi walidhani maskini amepata benki ya mfukoni, na kwa kweli aliipata. Lakini laini husajiliwa kwa kitambulisho, na hata ukienda kwa wakala kutoa mia mbili tu, kitambulisho huulizwa. Asiye nacho hukaa nje ya mlango akitazama wenzake wakiingia.

Kisauni: neno la mtu

Sasa turudi kisiwani, tuvuke Daraja la Nyali, tupite soko la Kongowea lenye harufu ya ndizi na vitunguu, twende zetu Kisauni hadi Utange. Leo ni mitaa ya kawaida, yenye shule, misikiti, makanisa na maduka. Lakini waliokuwa na akili zao miaka ya 1990 wanaikumbuka kambi ya wakimbizi ya Utange.

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, maelfu ya Wasomali walikimbilia Kenya, wengine kwa barabara, wengine kwa mashua zilizosheheni kupita kiasi. Miongoni mwao walikuwamo Wabarawa, ambao lugha yao ya Chimwini ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Walikuwa wafanyabiashara na mafundi. Hawakuwa mafukara wa asili, bali walikuwa watu waliopoteza mahali pa kuweka mali. Kabla ya miaka ya 1990 kwisha, kambi za Mombasa zilifungwa. Wengine walihamishiwa Dadaab na Kakuma, wengine walipelekwa ng'ambo, na wako walioyeyuka mitaani.

Walituachia somo la hawala. Kazi yake ni hivi: wewe uko Mombasa, mama yako yuko Mogadishu. Unampa mwenye duka fedha pamoja na ada ndogo. Yeye humpigia mwenzake aliye kule, naye humlipa mama siku hiyo hiyo. Wenye maduka hawa wawili husawazisha hesabu zao baadaye, kwa bidhaa au kwa fedha. Kinachokutambulisha si karatasi tu, bali ukoo wako, jamaa zako na mtu wa kukudhamini.

Hawala imewalisha wengi, lakini mlango wake ukifungwa, mnyonge hana pa kubisha. Novemba 2001 Marekani iliifungia Al-Barakaat kwa tuhuma za ugaidi, na familia nyingi zikakosa njia ya kupokea fedha. Aprili 2015, baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, Benki Kuu ya Kenya ilizisimamisha kampuni 13 za kutuma fedha, ikaziruhusu tena mwezi Juni. Kwa tajiri miezi miwili si kitu. Lakini mama anayengoja dola hamsini kila mwezi, miezi miwili hiyo atakula nini?

Likoni: mlango wa kusini

Tumalizie safari yetu kivukoni. Anayekwenda kwa miguu halipi nauli ya feri ya Likoni, na ndiyo maana utaona mafuriko ya watu asubuhi: wachuuzi wa samaki, wanafunzi, mafundi, akina mama na vikapu vyao. Likoni ni mlango wa pwani ya kusini. Ukipanda matatu hapa utafika Ukunda, Msambweni, na mwisho Shimoni na Vanga, kwenye mpaka wa Tanzania.

Katika njia hiyo waliishi kwa miaka mingi watu wasiokuwa wa nchi yoyote. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kabla ya Uhuru kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Wapemba walivuka na mashua zao kufuata samaki, wengine baada ya mapinduzi ya Unguja ya 1964. Kizazi cha tatu kilizaliwa Kenya, kikazika wazee wake Kenya, na bado kiliitwa kigeni.

Jitie katika hali ya mvuvi wa Kipemba wa siku zile. Bahari unaijua kuliko kiganja chako, lakini leseni ya kuvua hupewi. Basi samaki unawauza kupitia kwa mwingine. Laini ya simu umeiandikisha kwa jina la jirani, na kila senti inayoingia ni yake mbele ya sheria. Akiwa mwema, utaipata. Mkigombana, au akifa na warithi wakaichukua simu, utamshtaki nani, na utathibitishaje kuwa wewe ni wewe? Wahenga walinena kweli kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.

Wamakonde ndio waliochoka kwanza. Oktoba 2016 waliondoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, naye akaamuru wapewe uraia. Mapema 2017 walianza kupokea vitambulisho, wakahesabiwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba walingoja hadi 2023, Rais William Ruto alipowatambua, na vitambulisho vyao vikaanza kutolewa mwaka huo. Tangu hapo mvuvi anaweza kuandikisha laini yake mwenyewe, kuomba leseni na kufungua akaunti.

Safari bado, hata hivyo. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa mkimbizi haki ya kutambuliwa na kufanya kazi, na mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 unataka wakimbizi waishi na kujitegemea pamoja na wenyeji. Lakini mpango huo umeelekezwa zaidi Dadaab na Kakuma. Anayeuza nguo kuukuu Kisauni yuko mbali na huko.

Kwa hivyo, msomaji, tusiiachie serikali peke yake. Mtoto akizaliwa nyumbani mwako, kachukue cheti chake mapema, maana hiyo ndiyo mbegu ya kitambulisho. Kama kuna jirani anayeweka pesa kwenye laini yenye jina lako, andikeni hesabu mbele ya mashahidi wawili, na wa nyumbani mwako wajue kuwa fedha hizo si zako. Na kama amepata haki ya kuandikishwa lakini anaziogopa ofisi, mshike mkono umpeleke. Siku atakapoisajili laini kwa jina lake mwenyewe, nawe utakuwa umetua amana ya watu.