Pesa Zote Ziliingia Kwenye Pawa

Tuko Kakuma. Wengi mmetuuliza kwa nini amplifaya yetu ina spika moja tu, tena imetolewa kwenye redio kuukuu, wakati pawa yake (hicho kisanduku kinachogeuza stima) imetengenezwa kwa makini vile. Jibu ni kwamba mchango wetu uliishia hapo, baada ya kubishana jioni tatu.

Amplifaya yenyewe ni rahisi. Aisii yake, TDA2003, ilitengenezwa kwa redio za gari. Inafanya kazi kati ya volti 8 na 18, na ukiipa 12 zilizotulia, inaimba. Shida iko kwenye hilo neno, kutulia. Stima ya huku kwetu tunainunua kwa jirani mwenye jenereta. Mapema jioni mita inasoma 250. Ikifika saa mbili usiku, kinyozi na duka la soda wakiwa wamewasha vyao, inashuka hadi 200. Hatumlaumu jirani, jenereta ni moja na sisi ni wengi.

Baadhi yetu walitaka transfoma ya volti 12, si ndiyo namba tunayoitafuta? Mwenzetu mmoja, aliyejifunza kazi kwa fundi wa redio kule Uvira, akachukua kalamu. Transfoma ya 12, ikipita dayodi nne na kapasita, inatoa kama 15 na nusu. Regyuleta ya 7812 inataka iingiziwe angalau 14 ndipo ishike 12. Stima ikishuka hadi 200, ile 15 na nusu inakuwa chini ya 13. Hapo regyuleta inaachia na spika inaanza kunguruma. Transfoma ya 15, kwa hesabu hiyohiyo, inabaki na kama 16. Basi tukanunua ya 15, na kapasita mbili za 4700.

Lakini volti za ziada haziendi bure, zinageuka joto. Zikiingia 20, zikatoka 12, na ampea 1 inapita, hizo ni wati 8 za kupika regyuleta, na joto la Turkana mnalijua. Tulikata alumini ya sufuria iliyotoboka, tukaifunga kwa skrubu mgongoni mwa regyuleta, ikae nje ya kasha ipigwe upepo. Mama mwenye sufuria alisema sasa muziki wetu utanukia maharagwe. Fyuzi tuliiweka upande wa stima kubwa, hiyo hata hatukuibishania.

Mwezi uliopita kulikuwa na matanga hapa jirani. Kaka wa marehemu yuko Kongo, hakuweza kuja, akapiga simu saa mbili usiku, saa ileile ya stima kuchoka. Tuliunganisha simu kwenye amplifaya. Taa zilififia, lakini sauti yake haikukatika, na wazee waliokaa nyuma kabisa walimjibu amina.

Ndugu zetu wa mashirika, spika mnazokuja nazo ni nzuri, ila zinaondoka na gari. Transfoma na mita zingebaki. Mita yetu ni ya kuazima, na mwenyewe anaitaka Jumatatu.

Kwa sasa tunachanga tena. Safari hii ni spika.