Mama Alipoteremka Usambara Kwenda Kutibiwa

Akina mama wenzetu, aliyewahi kupanda gari kutoka Mombo kwenda Lushoto anaijua barabara ile. Ni kilomita zipatazo 33 tu, lakini kona zake hazihesabiki. Upande mmoja ni jabali, upande wa pili ni bonde. Joto la Mombo huachwa chini, na gari likifika Soni, penye maporomoko ya maji, abiria huanza kutafuta sweta. Sisi tumezaliwa huko juu, karibu na Irente, na barabara hiyo tumeizoea tangu utoto. Lakini mwanzoni mwa Novemba 2022 tuliiteremka kimya kimya. Tulikuwa tunampeleka mama yetu kutibiwa saratani ya mlango wa kizazi.

Mama alikuwa ameficha. Hedhi yake ilikoma miaka mingi nyuma, kisha damu ikaanza kumtoka tena kidogo kidogo. Aliona aibu kutuambia sisi binti zake. Zahanati aliyokwenda kwanza ilimpa vidonge vya maumivu, akarudi nyumbani. Ikapita miezi saba. Wifi yetu ndiye aliyeona nguo siku moja walipokuwa wakifua, akauliza kwa upole. Baada ya kukatwa kinyama na kupimwa, tuliambiwa aende Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road.

Kabla ya safari tulifanya kikao. Kaka alichukua nauli. Sisi binti wawili na wifi tuligawana majuma ya kumuuguza, tukifikia kwa mama mdogo. Baba, ambaye hatukuwahi kumwona akishika mwiko, alisema shamba na jiko aachiwe yeye.

Ocean Road iko ufukweni. Jengo lake la kale lilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, hao hao walioiita Lushoto yetu Wilhelmstal. Mama, aliyezoea ukungu wa Magamba, aliketi kwenye benchi akijipepea kwa kanga. Alipangiwa mionzi siku tano kwa juma, kwa majuma matano, na dawa ya dripu mara moja kwa juma. Kisha mionzi ya ndani. Muuguzi alituonya kwamba tiba hiyo haifai kukatizwa.

Juma la tatu mama aligoma. Tumbo lilikuwa likimwendesha, chakula hakipiti. Akasema, “Nirudisheni kwangu. Plamsi zinakaribia kuiva, na mimi nimekaa hapa nalishwa uji kama mtoto.”

Tulidhani ni ugonjwa unasema. Kumbe kosa lilikuwa letu. Kwa mapenzi tulimkataza hata kuchambua mchele, na habari za nyumbani tulimficha asije akahuzunika. Tulikuwa tumemwondolea kazi zote, na umama tukauondoa humo humo.

Jioni hiyo baba alipiga simu, hana habari na makatazo yetu. “Mama watoto, kabichi zimeharibiwa na mvua. Nipande nini pale?” Mama aliinuka kitandani. Alimgombeza, akamwambia apande karoti, akamweleza na mbegu zilipo. Alipokata simu aliomba uji, akaumaliza. Kesho yake alirudi kwenye mionzi.

Tangu hapo baba alipiga simu kila jioni, na mama ndiye aliyeamua. Plamsi za kwanza zilipoiva, tenga lilikuja kwa basi. Mama aliwagawia wanawake wa kwenye benchi, waliotoka Mtwara, Dodoma na kwingineko, huku akiwaeleza mlima wetu ulivyo.

Akina mama, tumejifunza kwamba mgonjwa anahitaji mikono ya kumshika, lakini anahitaji pia kuulizwa. Msimpokonye nafasi yake nyumbani. Tena msifiche. Damu baada ya hedhi kukoma, au baada ya tendo la ndoa, au uchafu wenye harufu mbaya, si mambo ya kuonea aibu. Hata usipoona dalili, nenda ukapimwe. Kipimo cha siki huchukua dakika chache, nacho huonyesha mabadiliko kabla hayajawa saratani. Na mabinti wapelekeni wapate chanjo, ambayo nchini kwetu ilianza kutolewa kote mwaka 2018.

Siku chache kabla ya Krismasi tuliupanda mlima tena. Gari lilipofika Soni, mama aliomba sweta yake. Nyumbani baba alikuwa amepika makande. Mama alionja, akasema chumvi imezidi, akaenda mwenyewe jikoni kuongeza maji. Hakuna aliyemzuia.

Bado anakwenda Dar es Salaam kuangaliwa kila anapoitwa. Akirudi, hutembea nasi polepole hadi kwenye jabali la Irente, tukaketi na kutazama mashamba ya mkonge ya Mazinde yaliyo chini kabisa, na ile njia tuliyopita.