Imeganda, Haijafa

Kiswahili hutofautisha kuganda na kufa. Samli ikipigwa na baridi ya asubuhi hapa Mabira, wilayani Kyerwa, huganda. Ikisogezwa jikoni huyeyuka. Aliyekufa tunamzika. Hata hivyo, kioo cha kompyuta kikisimama, wengi husema "imekufa", na mkono hukimbilia kitufe cha kuzimia. Neno limeshatoa hukumu.

Nilikuwa nikiandika utenzi wa kumkumbuka marehemu kaka yangu, usomwe siku ya kumaliza matanga. Beti 12 za mwisho zilikuwa bado hazijahifadhiwa pale kishale kilipokataa kusogea. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, imekufa, tuizime." Nikamjibu, "Imeganda."

Linux, ambayo Linus Torvalds aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, haiishi kwa picha. Madirisha tuyaonayo ni kazi ya programu kama nyingine; zikisimama, mara nyingi kiini cha mfumo huendelea kufanya kazi. Nikabonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Ukatokea uso mweusi ukiniuliza jina na nywila. Nikaingia, nikaandika top. Orodha ikaonyesha kivinjari kimemeza karibu kumbukumbu yote. Nikatoka kwa herufi q, nikaandika kill na namba ya kivinjari hicho. Ctrl, Alt na F2 vikanirudisha kwenye madirisha. Katika kompyuta nyingine huwa F1 au F7. Beti zote zilikuwapo.

Kama ingeshindikana, ningeandika sudo systemctl restart display-manager. Amri hiyo huanzisha upya mfumo wa picha, lakini hufunga programu zote zilizofunguliwa humo, na kisichohifadhiwa hupotea. Ndiyo maana sikuanza nayo.

Mpwa wangu akauliza maana ya kill. Nikamwambia ni "ua". Akashangaa: tumeua ili kuokoa? Kumbe jina lenyewe ni kali kuliko tendo. Amri hiyo, isipoongezewa kitu, huiomba programu ijifunge yenyewe. Inapoandikwa kill -9 ndipo huua bila kusikiliza.

Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupatia Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Amri za uso mweusi bado zinasubiri watunzi wa maneno. Mimi napendekeza "komesha" kwa ile ya kwanza, na "ua" ibaki kwa ile ya 9. Ninyi mwasemaje?