Safari ya Siku Sita

Waswahili wa kwanza waliofika Ulaya na kutuachia maandishi hawakujipangia safari zao. Selim bin Abakari, Mngazija, alizunguka Urusi na Siberia mwaka 1896 kwa kuwa bwana wake wa Kijerumani, Bumiller, alitaka kuzizunguka. Habari zake zikachapwa na Carl Velten mwaka 1901. Amur bin Nasur alikaa Berlin tangu 1891 hadi 1895 akiwafundisha Wajerumani Kiswahili. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda mwaka 1900 kwa kazi iyo hiyo, na huko huko akafia, mwaka 1927. Wote walikuwa na macho makali na kalamu nyepesi, lakini njia ilichorwa na mwingine. Mswahili kukaa kitako na karatasi, akasema nitaanzia hapa nimalizie pale, na hiki sikitazami, ni jambo ambalo fasihi yetu haijalizungumza sana.

Pana mwalimu mmoja mstaafu wa Kibiti aliyeishi na jambo hilo kwa muda wa miaka miwili. Ana mpwa wake Hamburg, na mpwa alimwahidi mjomba malazi. Mwalimu naye aliweka akiba ya korosho za misimu mitatu. Akanunua daftari la mistari, akaandika juu ya ukurasa wa kwanza: siku sita, miji miwili.

Mji wa kwanza aliouandika ulikuwa Königsberg. Hilo halitamshangaza mtu wa delta. Kule Salale na katika vijito vinavyoizunguka, jina hilo lilitangulia kuwa la manowari kabla ya kuwa la mji. Ni manowari iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikaingia Rufiji kujificha nyuma ya mikoko. Waingereza waliitwaa Mafia Januari 1915, wakarusha ndege kutoka huko kuitafuta, na mwezi Julai wakaleta Severn na Mersey, meli za kina kifupi ziwezazo kupita mtoni. Tarehe 11 Julai Wajerumani wenyewe waliilipua. Mizinga yake kumi ikaopolewa na kuburutwa nchi kavu kupigana vita vingine. Mmoja upo hadi leo Ngome ya Yesu, Mombasa. Gamba lake lilibaki likionekana kwa miaka mingi, likididimia topeni kidogo kidogo. Mwalimu alikua akisikia wazee wakilitaja jina hilo kwa matamshi yao wenyewe, na alitaka kuuona mji ulioipa meli ile jina.

Mpwa akamfahamisha kwamba mji huo haupo. Yaani mahali papo, lakini tangu 1946 paitwa Kaliningrad, ni Urusi, na viza yake ni nyingine kabisa. Mwalimu alifuta mstari kwa rula. Katika mpango mzima huo ndio mstari pekee alioufuta kwa uchungu, na hapana budi kumwelewa: ni ajabu kwamba jina la mji wa Ulaya limedumu katika matope ya Rufiji kuliko lilivyodumu kwao.

Basi ikawa Berlin na Hamburg, siku tatu kwa tatu. Kati ya miji hiyo hapafiki kilomita mia tatu, na kuna treni.

Berlin ilijipanga yenyewe. Mjusi mkubwa wa Tendaguru, aliyechimbuliwa Lindi kati ya 1909 na 1913, amesimama katika jumba la makumbusho ya viumbe akiwa na kimo cha zaidi ya mita kumi na tatu. Huyo huonwa na kila Mtanzania apitaye. Mwalimu alimpa asubuhi moja tu. Siku nzima aliliwekea jumba la Humboldt Forum, ambako mna vitu kutoka Tanzania na baadhi vilitekwa katika Vita vya Majimaji. Kinjekitile Ngwale alikuwa mtu wa Ngarambe, akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Kwa mtu wa Kibiti hiyo si historia ya vitabuni. Mohoro ni mahali anapopajua njia yake. Rais Steinmeier aliomba radhi Songea tarehe 1 Novemba 2023, na mwalimu aliisikia redioni. Radhi ya Songea ni kitu kimoja. Mkuki uliomo kabatini Berlin ni kingine, na alitaka kusimama mbele ya hicho cha pili.

Halafu jiwe. Mtaa wa Brunnenstrasse, nyumba namba 193, limepachikwa chini kibamba kidogo cha shaba chenye jina la Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari mtoto katika vita vile vile vya 1914, akaenda Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake, akafanya kazi ya kuhudumia meza, akaigiza filamu, akafundisha Kiswahili chuoni. Alifia katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Kulitazama jiwe hilo hakuchukui dakika tano. Mwalimu aliliwekea saa mbili.

Hamburg ilikuwa na mashairi. Nakala ya mkono ya Utendi wa Tambuka, utungo wa Pate unaohesabiwa kuwa wa 1728, ipo huko, na wapenzi wa tenzi hawahitaji kuelezwa uzito wake. Kisha makaburi ya Ohlsdorf, alikozikwa Sayyida Salme binti Said bin Sultan, aliyeondoka Unguja mwaka 1866. Mwaka 2019 mji ulikipa kiwanja kimoja jina lake, na mwaka uliofuata ukaamua kuliondoa kwa sababu ya aliyoyaandika kuhusu utumwa. Mwalimu aliona kwamba kaburi linatosha. Siku ya mwisho aliiachia mto Elbe. Bahari iko mbali na Hamburg, zaidi ya kilomita mia, lakini maji hujaa na kupwa bandarini, na mtu wa delta hawezi kuambiwa habari hiyo asitake kwenda kusimama ukingoni kungoja maji yageuke.

Mpango ulikuwa tayari Aprili 2024, mafuriko yalipoingia Rufiji na Kibiti. Mkewe hakugomba. Alimwuliza tu, "Mwalimu, mpunga wa ndugu zako umelala chini ya maji, nawe wahesabu makumbusho?" Nusu ya akiba ikawa mbegu na unga. Daftari likafungwa mwaka mzima, na katika mwaka huo ada ya viza ikapanda kutoka yuro 80 hadi 90, nayo hairudishwi hata ukinyimwa.

Alipolifungua tena, kilichomsumbua hakikuwa ada wala bima ya yuro 30,000. Ilikuwa ni ile haja ya kuthibitisha kwamba atarudi. Hutakiwa karatasi: barua ya mwajiri, hati ya nyumba, taarifa ya benki. Mstaafu hana mwajiri, na shamba lake la bondeni halina hati. Lakini watu wa Rufiji ni mabingwa wa kurudi. Baada ya gharika ya 1968 serikali iliwahamishia vijiji vya juu, na wao, maji yalipopwa, walishuka tena kupanda mlau, wakalala katika madungu yao ya miti ili kuwalinda mazao na nguruwe na kuwa juu ya maji. Walihamishwa, wakarudi, wakakatazwa, wakarudi. Afisa gani wa ubalozi atalisoma dungu kama ushahidi? Mkewe ndiye aliyeshauri iambatishwe taarifa ya pensheni, na risiti za chama cha msingi cha korosho, msimu baada ya msimu. Shauri hilo lilikuwa bora kuliko barua ya kurasa tatu aliyokuwa ameitunga mwalimu, iliyokuwa na vina vingi kuliko ilivyostahili.

Palibaki kisanduku kimoja. Fomu yauliza kusudi la safari: utalii, kutembelea jamaa, utamaduni, na mengineyo. Mpwa alisema weka jamaa, ndiyo njia iliyonyooka, kwa kuwa ndiye mwenyeji na mdhamini. Mwalimu aliishika kalamu siku mbili. Wazungu wajao Rufiji kutazama viboko na mamba huitwa watalii, wala haulizwi mtu kama mababu zao waliwahi kufika hapa na mizinga. Aliona naye ana haki ya neno hilo jepesi. Mwisho alitia alama mahali pawili, jamaa na utalii, akaweka fomu ndani ya bahasha ya kaki pamoja na risiti za korosho, na alfajiri ya siku ya miadi akapanda basi la Mbagala.