Tuyaamini Majarida ya Baiskeli za Milimani?

Mtu aliyetumia zaidi ya miaka thelathini kusahihisha maandishi ya wengine haachi kazi hiyo kwa sababu tu amestaafu. Kalamu nyekundu hubaki mkononi hata pale ambapo hakuna aliyemwomba asahihishe. Mimi nilifundisha katika vyuo vya ualimu, na miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa mkuu wa chuo. Tangu nistaafu, moja ya mambo niliyoyasoma kwa makini ni majarida ya baiskeli za milimani. Msomaji akicheka simlaumu, maana goti langu la kushoto halinipandishi tena hata kilima cha kanisani.

Majarida hayo hunifikia kwa njia rahisi. Mwanangu wa pili anaishi kaskazini mwa Uingereza, na mchezo wa kuendesha baiskeli milimani umemwingia damuni. Kila ajapo likizo huleta rundo la majarida, mengine ya Uingereza, mengine ya Marekani. Akiondoka huniachia, nami huyasoma yote pamoja na matangazo yake. Kisha huchukuliwa na mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja kwenye miteremko ya Uluguru na huenda kazini kwa baiskeli. Hivyo nakala moja husomwa na watu watatu: mmoja mwanamichezo, mmoja anayeitegemea baiskeli kwa riziki yake, na mmoja mzee wa barazani. Swali ambalo limetushughulisha sote ni hili: maneno ya majarida haya yaaminiwe kwa kiasi gani?

Kwanza tutazame asili yake. Mchezo wenyewe ulikua katika wilaya ya Marin, jimbo la California, miaka ya 1970. Vijana wa huko walichukua baiskeli kuukuu za watoto, zenye matairi manene, zilizotengenezwa kabla na baada ya Vita Kuu ya Pili, wakaziteremsha kwenye njia za vumbi za milimani. Tarehe 21 Oktoba 1976 walianza mashindano katika njia waliyoiita Repack. Njia hiyo ilikuwa na mteremko mkali mno. Grisi ya habu ya nyuma, ambamo ndimo ilimokuwa breki, iliungua ikatoka moshi, na mtu alipofika chini ilimbidi aijaze upya. Jina la njia likatokana na kazi hiyo ya kujaza grisi upya.

Mwandalizi wa mashindano hayo, Charlie Kelly, aliungana mwaka 1979 na Gary Fisher kufungua biashara ya kuuza baiskeli za aina hii. Mwaka uliofuata, 1980, Kelly huyohuyo pamoja na Denise Caramagno walianzisha Fat Tire Flyer, jarida la kwanza la mchezo huu, lililoendelea hadi mwaka 1987. Yafikirie hayo, ndugu msomaji. Mhariri wa jarida la kwanza alikuwa pia muuza baiskeli. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Hata hivyo simhukumu. Mchezo ulikuwa wa watu wachache waliojuana kwa majina, na aliyeandika uongo siku ya Jumatatu angekutana na msomaji wake mlimani siku ya Jumamosi. Biashara na uandishi vilikaa katika nyumba moja, lakini nyumba yenyewe haikuwa na mlango wa kujifichia.

Mambo yalibadilika mchezo ulipokuwa mkubwa. Majarida yakaongezeka katika miaka ya 1980 na 1990, na mwaka 1996 mchezo ukaingia katika Olimpiki ya Atlanta. Viwanda vikawa vikubwa, na msomaji hakukutana tena na mwandishi. Ndipo ukaanza utaratibu ambao wala si siri. Kiwanda humwazima mwandishi baiskeli mpya aijaribu. Kikitoa aina mpya, huwaalika waandishi mahali pazuri milimani, kikawalipia nauli, kitanda na chakula. Kisha kiwanda hichohicho hununua ukurasa wa tangazo katika jarida litakaloieleza baiskeli hiyo.

Jambo hili nalielewa kwa sababu nimewaona wakaguzi wa shule. Mkaguzi aliyekuja asubuhi akaondoka jioni kwa posho yake mwenyewe aliandika alichokiona. Lakini zilikuwapo shule za mbali zisizo na nyumba ya wageni, na huko mkaguzi alilala kwa mwalimu mkuu na kuchinjiwa jogoo. Sisemi kwamba alihongwa. Wengi wao walikuwa watu waadilifu. Nasema tu kwamba koo lililopitisha supu ya jogoo hupata taabu kulitamka neno “dhaifu”. Taarifa ya mkaguzi huyo haikuwa na uongo ndani yake, bali ilikuwa imelainishwa. Palipostahili “vyoo havifai” paliandikwa “vyoo vinahitaji kuangaliwa”.

Majarida ya baiskeli yamejaa lugha hiyo. Katika niliyoyasoma, ni nadra baiskeli kuitwa mbaya. Nzito huitwa imara. Ngumu ya kupanda mlima husemwa kwamba imekusudiwa hasa kwa miteremko. Ya bei ya kutisha husemwa kwamba inamfaa anayejua anachokitaka. Alama nazo ni hivyohivyo: nyota nne katika tano ndiyo desturi, na anayepewa tatu ni kama amefiwa. Kila mwanachuo wangu alifundishwa kwamba mtihani ambao watoto wote wanapata kati ya 80 na 90 haujawapima watoto, maana kazi ya mtihani ni kutofautisha. Kwa hiyo mimi huyaheshimu zaidi majaribio yale ambayo baiskeli kadhaa za bei moja huendeshwa na watu walewale katika njia ileile. Hapo lazima mmoja awe wa mwisho, na mwandishi lazima amtaje.

Upo pia upungufu usiotokana na jogoo wala tangazo. Mwandishi hukaa na baiskeli siku chache au majuma machache, akairudisha. Anaweza kueleza inavyokata kona. Hawezi kueleza beringi zitakavyolia mwaka wa tatu. Majarida mazuri hulijua hilo, na baadhi huacha baiskeli kwa mwandishi miezi mingi kisha huchapisha kilichovunjika. Lakini hata hayo, matope yao ni matope ya Wales. Mchanga wetu, joto letu, na gunia la mahindi juu ya keria havimo katika jaribio lolote nililowahi kulisoma.

Nitoe mfano uliotugusa nyumbani. Baiskeli za milimani kwa muda mrefu zilikuwa na magurudumu ya inchi 26. Kipimo hicho hakikutoka maabara. Kilitokana na baiskeli kuukuu za Marin, ambazo ndizo zilizokuwa zikipatikana. Baada ya mwaka 2000 yakaja magurudumu ya inchi 29, na kufika miaka ya 2012 hadi 2014 yakasambaa ya inchi 27.5. Majarida yakajaa ubishi, kisha yakajaa sifa, na baada ya miaka michache baiskeli mpya ya bei kubwa yenye inchi 26 ikawa adimu.

Mwaka 2018 mjukuu wangu alinijia na jarida mkononi na fomu ya mkopo wa saccos mfukoni.

“Babu, baiskeli yangu imepitwa na wakati.”

“Imevunjika?”

“Haijavunjika. Ni inchi 26.”

Mkopo ule ungekatwa katika mshahara wake kwa miaka miwili, na mkewe alikuwa mjamzito. Sikumkataza. Mtu mzima hakatazwi, huulizwa. Tulikwenda pamoja kwa fundi baiskeli wa mtaani kwetu, mtu asiyesoma Kiingereza, naye akauliza swali moja: “Tairi la inchi 29 likichanika huko kijijini, mwalimu, utalipata wapi?” Kisha akatuonyesha ukutani matairi ya 26 na ya 28 yaliyoning'inia kama mikate. La 29 halikuwapo.

Nilipofika nyumbani nilitafuta vipimo, nikakuta jambo lililonichekesha. Rimu ya inchi 29, pale linapokaa tairi, ina kipenyo cha milimita 622. Rimu ya baiskeli yetu kubwa ya zamani, ile ya 28 kwa 1½ tuliyobebea mkungu wa ndizi, mgonjwa na bibi harusi, ina milimita 635. Na tofauti ya 26 na 27.5, ambayo jina lake laonyesha inchi moja na nusu, kwenye rimu ni milimita 559 kwa 584, yaani takriban inchi moja tu.

Je, jarida lilidanganya? Hapana. Mwanangu ananiambia kwamba gurudumu kubwa kweli hupita juu ya mawe kwa urahisi zaidi, nami namwamini. Lakini neno “kupitwa na wakati” lina maana mbili. Huko lilimaanisha kwamba kiwanda kimeacha kutengeneza. Huku humaanisha kwamba vipuri havipatikani dukani. Neno moja lilisafiri kutoka nchi ile hadi hii bila kubadilishwa fedha mpakani, na karibu limgharimu kijana mshahara wa miaka miwili. Fomu aliichana mwenyewe. Alinunua mnyororo mpya, raba za breki na matairi mawili, na baiskeli ile angali anayo.

Nisieleweke kwamba nayadharau majarida haya. Mjukuu wangu amejifunza humo kurekebisha gia, kunyoosha rimu iliyopinda na kupima uchakavu wa mnyororo, na fundi wetu hakuona kosa katika mafunzo hayo. Kurasa hizo ni za kweli kwa sababu msomaji anaweza kuzijaribu jioni ileile kwa spana yake, na zikikosea, barua zitamiminika. Barua za wasomaji nazo zina thamani, kwa kuwa humo huandika mtu aliyetoa fedha zake mwenyewe na fremu ikamvunjikia. Hii ndiyo kanuni niliyoipata, nayo yafaa hata kwa magazeti ya siasa: andiko huaminika zaidi pale ambapo msomaji anaweza kulisahihisha, na hulegea pale ambapo aliyeona ni mmoja tu, na aliyemlipia nauli ni muuzaji.

Lipo deni moja ambalo ni letu sisi wasomaji. Mwanangu alilipenda jarida la Dirt Rag, lililoanzishwa Pennsylvania mwaka 1989 na kupendwa kwa uandishi wake usiojikweza. Lilifungwa Januari 2020, baada ya miaka thelathini. Matangazo yalikuwa yamehamia katika intaneti, na wasomaji wengi walikuwa wamezoea video za bure. Lakini mtu wa video naye huazimwa baiskeli. Kamera haikumfukuza jogoo, imembadilishia sahani tu. Hukumu ya haki ina gharama. Mtu lazima anunue baiskeli, aiendeshe mwaka mzima, aivunje, kisha aandike bila kumwogopa yeyote. Gharama hiyo asipoilipa msomaji, italipwa na mwenye kiwanda, naye hatalipia asemwe vibaya.

Kwa hiyo mwanangu aliponiuliza majarida yapi aendelee kuyalipia, nilimshauri atafute katika matoleo ya mwaka mzima lile lililothubutu kuandika, japo mara moja, kuhusu baiskeli ya mtangazaji wake mkubwa: “Usiinunue.” Alitafuta kwa majuma mawili. Alipata moja. Analilipia hadi leo.